Mafuta ya wizi ya kirusi cha korona

Ndugu zangu, nimelisema mara nyingi na nalirudia: kirusi cha korona hakina hata chembe ya mafuta iliyo yake. Hakiwezi kutengeneza lipidi, yaani molekuli za mafuta. Utando unaokizunguka kimeupora kwetu, tena ndani kabisa ya seli, kati ya retikulamu (mtandao wa tando ndani ya seli) na vifaa vya Golgi (sehemu inayofungasha protini na mafuta). Kirusi cha mafua ndicho kinachouchukua kwenye utando wa nje. Tuache kuwafundisha wanafunzi kwamba yote ni mamoja!

Utando huo ni tabaka mbili za lipidi, unene wa nanomita 4 hadi 5 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na ndimo ilimosimikwa miiba, yaani protini ambazo kirusi hushikia seli. Ukipasuka, kirusi hakiingii tena kwenye seli.

Ndipo sabuni inapofanya kazi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hujipenyeza kati ya lipidi kama kabari kwenye gogo, utando ukaachana, vipande vikaenda na maji. Sugua sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kuna atakayeuliza, "Ninunue ile ya kuua bakteria?" Ya nini? Kipande cha sabuni ya mche kinatosha.

Spiriti ya kusafishia mikono ndiyo inayokosewa zaidi. Watu hudhani kali kuliko zote ndiyo bora, kumbe bila maji haivurugi protini za kirusi sawasawa, na hukauka upesi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza lita 10 za spiriti hiyo: ethanoli (ndiyo spiriti yenyewe) ya 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksidi ya 3% mililita 417, gliserini ya 98% mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi alama ya lita 10. Funika mara moja, gawa kwenye chupa, subiri saa 72 ili vijimbegu vya bakteria vilivyokuwamo vife. Wengi huziruka saa hizo! Na kirusi cha polio, kisicho na utando, spiriti hukiweza kwa shida.

Naona nimeoneshwa saa. Haraka basi: ndani ya seli, protini mbili za kirusi, nsp3 na nsp4, hukunja utando wa retikulamu kuwa vifuko vya kuta mbili, na humo ndimo RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, inamonakiliwa. Mwaka 2020 ilionekana pia kwamba asidi ya linoleiki, aina ya mafuta, hukaa kwenye kishimo cha mwiba na kuufanya ubaki umejifunga, usiishike seli vizuri. Asidi hiyo imejaa kwenye mafuta ya alizeti, lakini msiende kuyanywa kama dawa: kishimo cha mwiba kwenye maabara si kikombe cha mafuta tumboni. Kolesteroli itabidi isubiri. Maswali?