Paka Mweupe, Picha ya Majivu

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo matatu ya kamera: fokasi, mafaili ya RAW, yaani picha ghafi, na ile menyu ndefu inayowatisha wengi. Ila Badi, kwanza nikuoneshe kitu.

BADI: Paka.

ZUHURA: Paka. Jumanne kajilaza dirishani juu ya shuka jeupe, mwanga unamwangukia ubavuni. Nikapiga. Kutazama skrini, paka wangu mweupe pe amekuwa wa kijivu, utadhani kalala mekoni kwenye majivu!

BADI: Na shuka?

ZUHURA: Kama halijafuliwa mwezi mzima. Nikafungua kijitabu kilichokuja na kamera. Kinasema kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa hurekebisha mwangaza. Basi. Lini nijumlishe, lini nitoe, kimya. Mimi nikaona dirisha kali, nikaweka −1.

BADI: Lo! Akawa mkaa.

ZUHURA: Mkaa kabisa.

BADI: Majivu, kisha mkaa. Tukiendelea hivi atafika kuni.

ZUHURA: Ndipo nikachukua kile kitabu kingine, cha mwandishi asiye wa kampuni ya kamera. Ukurasa mmoja tu ukanifungua macho. Kamera haijui kwamba yule ni paka mweupe. Mita, kile kipima mwanga cha ndani ya kamera, inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na hesabu yake inalenga kijivu cha wastani. Ikikuta weupe umejaa fremu, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Kwa hiyo kitu cheupe unajumlisha, cheusi unatoa.

BADI: Kinyume na akili inavyokutuma.

ZUHURA: Nilikuwa kwenye modi A, mimi napanga tundu la lenzi, kamera inapanga kasi. Tundu f/4, aiso, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, 400. Kamera ilichagua kasi ya 1/250 ya sekunde. Nikaweka +1, ikashuka 1/125, mwanga maradufu. Paka akawa paka! Nikajaribu +2, manyoya yakayeyuka yote kwenye weupe. Nikarudi +1.

BADI: Mkia je? Kwa 1/125 huyo hatulii.

ZUHURA: Ulitoka kama moshi.

BADI: Majivu, mkaa, sasa moshi. Dada, huyo paka ana jiko tumboni.

ZUHURA: Nikapandisha aiso hadi 800, 1/250 ikarudi, mkia ukatulia.

BADI: Sasa hapo ndipo nisipokubaliana na kitabu chako. Mahangaiko yote hayo ni ya nini? Weka M tangu mwanzo, upange tundu na kasi mwenyewe. Mwanga wa dirisha ni uleule. Paka akihama kutoka shuka jeupe kwenda zulia jeusi palepale dirishani, mwanga haujabadilika, ila modi A itabadili mawazo. Kwenye M, ukishapanga umepanga.

ZUHURA: Na wingu likipita?

BADI: Unazungusha gurudumu.

ZUHURA: Paka keshaondoka, kaka! Halafu anayeanza akienda M atafanya nini? Ataufuata mshale wa mita hadi ukae katikati. Mshale ni uleule, mita ni ileile, atapata majivu yaleyale. Bila ule ukurasa, M haimsaidii.

BADI: Atapata majivu, atajiuliza kwa nini, na jibu atakalolitafuta mwenyewe halimtoki. Wewe mwenyewe ulikisoma kitabu lini? Baada ya mkaa.

ZUHURA: Ningekisoma kabla, nisingepoteza mwanga wa Jumanne ile. Haujarudi tena mpaka leo.

BADI: Ungekisoma kabla, ungesahau.

ZUHURA: Sikubali.

BADI: Nami sikubali. Nimefundisha watu kwa M, wanaelewa.

ZUHURA: Nami nimewaona wakirudi kwenye otomatiki wiki ya pili, wamekata tamaa. Hilo linaniuma, Badi. Mtu ana kamera nzuri mkononi, kakosa maelezo ya ukurasa mmoja.

BADI: ...Tumebakiwa na dakika mbili.

ZUHURA: Fokasi?

BADI: Haiwezekani.

ZUHURA: RAW?

BADI: Kwa dakika mbili? Hata kuitaja ni kuionea. Menyu ndiyo kabisa. Ila msikilizaji, leo piga shuka jeupe likijaza fremu, bila kurekebisha chochote, halafu nguo nyeusi vivyo hivyo. Ziweke picha pamoja. Zote mbili zitavutwa kwenye kijivu.

ZUHURA: Kisha weka +1 kwa shuka, −1 kwa nguo.

BADI: Kwenye M.

ZUHURA: Kwenye A! Na mwenye paka wa madoa?

BADI: Madoa mangapi?