Mkato wa Kibao cha Mbuzi, Mkato wa Msimbazi

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walimu wenzangu, na wageni wetu mliofika jioni hii,

Nimeombwa nieleze kwa nini tunawaanzisha wanafunzi wa usanifu majengo kwa kuchora vyombo vya nyumbani, kisha tunawapeleka katika Bonde la mto Msimbazi, ilhali wengi wao walikuja wakitarajia kuchora majumba tangu wiki ya kwanza. Jibu langu ni kwamba msanifu huchora ili ajue, na katika michoro yote anayojifunza, unaomdai ujuzi mwingi zaidi ni mkato, yaani ule unaoonyesha kitu kana kwamba kimepasuliwa kwa msumeno na nusu yake ya mbele ikaondolewa.

Chombo ninachokipendelea kwa kazi hii ni kibao cha mbuzi, yaani kile cha kukalia na kukunia nazi. Aliyelelewa pwani amekiona jikoni tangu utotoni, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa sababu mkono wake hukimbilia kuchora anachokikumbuka badala ya kilicho mbele yake. Kwa hiyo tunampa rula, futi na penseli, na tunamtaka aandike vipimo vyote kabla hajachora mstari mmoja ulio safi. Mwonekano wa juu humpa ubao wa kukalia na ulimi wa chuma uliotokeza mbele. Mwonekano wa ubavuni humpa miguu inayopishana. Lakini hakuna kati ya hiyo miwili unaomwambia chuma kimezama kiasi gani ndani ya mti, wala mti uliobaki kuzunguka tundu la pini una unene gani, nayo ndiyo mambo yanayoamua kama kibao kitadumu au kitapasuka. Akitaka kuchora mkato, itambidi atie kijiti tunduni, akivute, akipime.

Mkato humlazimisha pia kuuliza uzito unakwenda wapi. Mkunaji hukaa juu ya ubao, na uzito wa mwili wake ndio unaokizuia kibao kisicheze anapoisukuma nazi juu ya meno ya ulimi. Kimo cha ulimi kutoka sakafuni nacho kina sababu: lazima bakuli liingie chini yake na mikono ipate nafasi ya kuzunguka. Bakuli si sehemu ya kibao, lakini mkato usiokuwa nalo hauelezi kitu, kwa hiyo tunalichora kwa mistari ya vipande vipande. Naomba mlizingatie bakuli hilo, maana mtoni tutachora maji ya mafuriko kwa mistari ya namna hiyo hiyo.

Kuhusu skeli, yaani uwiano wa kipimo cha mchoro na cha kitu chenyewe, nitasema kwa ufupi. Mchoro wa kwanza huwa wa 1:1, wa pili wa 1:5, na katika huu wa pili jino la chuma lenye milimita 3 hubaki na milimita 0.6, ambayo ni karibu unene wa mstari wenyewe. Hapo mwanafunzi huacha kunakili na kuanza kuamua nini kibaki na nini kiachwe.

Sasa tuje mtoni. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita katikati ya Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, safari ya takriban kilomita 35. Kwenye ramani nyingi ni mstari mwembamba wa buluu, na mimi naushuku sana mstari huo, kwa kuwa humfanya mtu aamini kwamba mto unaishia pale rangi inapoishia. Aliyekwama Barabara ya Morogoro pale Jangwani wakati wa masika anajua kwamba hauishii hapo.

Lakini kuukata mto kwenye karatasi kuna tatizo ambalo kibao hakina. Tuseme bonde lina upana wa mita 500 na kina cha mita 5. Kwa skeli ya 1:500 mchoro utakuwa na urefu wa mita nzima, na kina chote kitakuwa sentimita moja tu, ambayo haimwonyeshi mtu chochote. Desturi ni kukuza vipimo vya wima, labda kwa 1:50, ili kina kifike sentimita 10. Hapo miteremko ya kawaida huonekana kama kuta za miamba, kwa hiyo ni lazima skeli zote mbili ziandikwe wazi chini ya mchoro. Asiyeziandika amemdanganya msomaji, hata kama kila kipimo chake ni sahihi. Kwa upimaji wenyewe hatuhitaji mitambo ya gharama. Mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, ambao mafundi wetu huutumia kuhamisha usawa kutoka nguzo moja hadi nyingine, unatosha kwa hatua fupi fupi, mradi kila usomaji uandikwe papo hapo.

Baada ya ardhi yanafuata maji, na hapa daftari hujaa haraka. Kuna usawa wa kiangazi, kuna wa masika, na kuna wa Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na baada yake familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Usawa wa namna hiyo hausomwi kwenye mkondo. Unatafutwa kwenye alama za tope ukutani na kwa kuwauliza wenyeji, nao wataonyesha kwa mkono: hapa kiunoni, pale dirishani. Mradi wa kuchora ramani za jiji uitwao Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 na kuwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wenyewe, ulipata mengi kwa njia hii ya kuuliza. Mwende kwa adabu, mbishe hodi, na mwenye nyumba aambiwe mnachokipima.

Kitanda cha mto nacho hakitulii. Mchanga unaosombwa kutoka juu hutua pale maji yanapopungua kasi, hasa Jangwani, na kupunguza nafasi chini ya daraja la hapo, kwa hiyo mkato usio na tarehe hauna thamani. Karibu na Selander, ambako bahari hujaa na kupwa, andikeni na saa.

Mwisho, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye mwonekano wa juu, mita hizo ni mistari miwili inayoufuata mto pande zote, na kila mahali inafanana. Ichoreni kwenye mkato. Kule vilimani huenda mkaikuta imepanda juu kabisa ya usawa wa maji. Bondeni Jangwani huenda ikaangukia ndani ya mafuriko yenyewe. Kila kundi litaleta mkato wake ukiwa na alama hiyo ya mita 60 na usawa wote watatu wa maji, na mahali ambapo alama iko chini ya maji ya 2011, tutajadili ukingo ulipimwa kuanzia wapi.