Nguo ya Marekani: kutoka Lowell hadi Unguja

Assalamu alaikum ndugu zangu watazamaji, na wengine nyote hamjambo. Leo nimesimama kando ya mfereji katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, na hilo jengo refu la matofali mekundu mnaloliona nyuma yangu, lenye mnara wa kengele, ni kiwanda cha zamani cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, ambacho sasa ni makumbusho ndani ya hifadhi ya kihistoria ya taifa iliyoundwa mwaka 1978. Nilikusudia kuzungumza nanyi nikiwa ndani, lakini mashine zilipowashwa sauti yangu ilimezwa kabisa, na mngeona mdomo ukichezacheza tu. Wageni hupewa vizibo vya masikio mlangoni, na si kwa mapambo.

Kilichonileta hapa ni neno moja. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na foronya nzito za pamba isiyopaushwa, rangi yake kama maziwa yaliyokaa, na alikuwa akikiita kitambaa chake marekani. Utotoni niliona ni jina kama bafta au kaniki, jina la dukani tu, wala sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Nimeishi nchi hii miaka tisa kabla ya kugundua kwamba bibi alikuwa akitaja nchi ninayoishi, na kwamba viwanda vilivyolizaa jina hilo viko katika jimbo hilihili ninalolipia kodi ya nyumba.

Chumba cha chini kina mashine za kufumia 88, na ingawa huwashwa chache tu kwa wakati mmoja, sakafu ya mbao hutetemeka hadi mtetemo ukaufikia uti wa mgongo. Mtande, yaani nyuzi za urefu, umetandazwa mbele, na mshindio, uzi wa kukingama, unapita kulia na kushoto kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Zamani nguvu hiyo yote ilitoka kwenye maji ya mto Merrimack, ambao hapa huporomoka kwa karibu mita 10 na ukaelekezwa viwandani kwa mifereji kama huu nilio kando yake. Mji wenyewe umepewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara aliyekwenda Uingereza wakati ambapo michoro ya mashine ilikuwa marufuku kutolewa nje ya nchi, akazitazama viwandani kwao, akarudi nyumbani akiwa amezihifadhi kichwani. Siku hizi mambo kama hayo huitwa wizi wa teknolojia. Hapa mtu alipewa mji.

Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa hasa wasichana kutoka mashamba ya jirani, waliolala katika mabweni ya kampuni na kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Waligoma mwaka 1834 ujira wao ulipopunguzwa, na wakagoma tena mwaka 1836 gharama za bweni zilipopandishwa. Nimesoma maelezo yao yote, lakini niliporudi mbele ya marobota ya pamba ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu pamba haioti Massachusetts. Ilipandwa na kuchumwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani katika majimbo ya kusini, na mwaka 1848 mwanasiasa Charles Sumner, mtu wa jimbo hilihili, alilaani hadharani ushirika baina ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufumia. Sehemu ya kitambaa duni kilichofumwa katika viwanda hivi ilirudi kusini kuwavisha watumwa walewale, nao wakakiita Lowell. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu: kule waliita nguo kwa jina la mji, na kwetu tukaiita kwa jina la nchi.

Jinsi ilivyofika kwetu nilianza kuielewa wiki iliyopita katika mji wa bandari wa Salem, ambao uko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Watalii wengi huenda Salem kwa ajili ya kesi za uchawi za mwaka 1692, na barabarani nilipishana na watu wazima waliovaa kofia zenye ncha. Mimi niliwapita nikaenda gatini, kisha nikaingia makumbusho ya Peabody Essex, ambayo chanzo chake ni chama cha manahodha kilichoanzishwa mwaka 1799. Sharti la kujiunga lilikuwa kwamba mtu awe amesafiri kwa jahazi na kuipita Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Watu wa namna hiyo ndio waliokuja Unguja.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ushuru ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akafika Unguja akiwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Serikali yake ilimruhusu kuendelea na biashara zake binafsi, naye alielewana sana na Jairam Shivji, aliyekodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha ya Unguja, kiasi cha kuwafanya wafanyabiashara wengine wanung'unike. Mwaka 1840 ikawa zamu yetu: merikebu Sultana ikatia nanga New York ikiwa na Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid, ambaye mchoraji Edward Mooney alimchora akiwa na kilemba chake.

Majahazi ya Salem yalichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa Mrima kwa ajili ya vanishi, na yakashusha majora ya kitambaa. Kutoka pwani, marekani ilibebwa mabegani mwa wapagazi hadi Tabora na Ujiji, ikapimwa kwa mikono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, minne ikiwa upande mmoja na minane ikiwa doti, na ikawa fedha hasa: wapagazi walilipwa kwayo, na watemi walitozea kwayo hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha malipo halali ya kupita katika nchi ya mtu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba, Wamarekani walipoteza soko hilo, lakini jina halikuondoka nao. Hata kitambaa kilichofumwa Bombay kiliuzwa kwetu kama marekani.

Nilimsimulia haya mama mmoja mzee anayehudumia mashine mle ndani. Aliizima ile aliyokuwa akiiangalia, akaniomba nilirudie neno lile taratibu, kisha akalitamka mwenyewe mara mbili, akikosea mkazo.

Dukani kwao huuzwa taulo za jikoni zilizofumwa kwa mashine hizohizo. Mwaka jana nilipofika hapa mara ya kwanza nilimtumia mama moja kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Aliishika, akaipima kwa vidole, akanitumia ujumbe wa sauti: "Nzuri, mwanangu, ahsante. Lakini marekani ya bibi yako ilikuwa nzito kuliko hii."