Namna ya Kuchagua na Kutunza Oili ya Injini za Boti za Mipigo Miwili

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani nimeweka chupa tatu za oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili, kopo la kupimia lenye alama za mililita, na chupa moja ya kioo kisicho na rangi, ambayo nimeijaza oili iliyochotwa chini kabisa ya pipa lililosimama nje kwa muda mrefu. Chupa hiyo ya kioo tutaiacha itulie bila kuguswa hadi mwisho wa video.

Kabla sijashika chupa yoyote, ni vyema tuelewane kuhusu kazi ya oili hii. Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini ya injini, huzungushwa na pampu, na mwenye injini anaweza kuchomoa kijiti akaipima. Injini ya mipigo miwili haina hifadhi ya namna hiyo. Oili huingia pamoja na petroli, hupita kwenye chumba cha krenki, huacha utando mwembamba kwenye beringi, pistoni na ukuta wa silinda, kisha hupanda juu na kuungua. Inapita mara moja tu. Hakuna chujio litakaloisafisha baadaye, wala hakuna siku ya kuimwaga na kuweka nyingine. Kilichomo ndani ya chupa ndicho kitakachofika kwenye beringi.

Hatua ya kwanza ni kusoma lebo, nasi tutakaa hapa kwa muda, kwa kuwa makosa mengi huanzia dukani. Shika chupa, igeuze upande wa nyuma, utafute maandishi TC-W3. Hicho ni kiwango cha NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, na herufi W humaanisha kwamba oili imekusudiwa injini zinazopozwa kwa maji. Chupa yangu ya kwanza ina maandishi hayo pamoja na nembo ya chama. Chupa ya pili imeandikwa TC peke yake, bila W3, na ya tatu imeandikwa JASO FD, ambacho ni kiwango cha Kijapani. Zote tatu ni oili za mipigo miwili, lakini hizi mbili za mwisho zimetengenezwa kwa ajili ya injini zinazopozwa kwa hewa, kama vile pikipiki na misumeno ya kukatia miti.

Huenda mtazamaji akauliza kuna tofauti gani ikiwa zote zinaungua. Tofauti iko kwenye mabaki. Injini ya pikipiki hufanya kazi katika joto kali, kwa hiyo oili yake mara nyingi hutiwa viambato vya kusafisha vyenye madini, ambavyo vikiungua huacha majivu kidogo. Injini ya boti hupozwa na maji, kuta za silinda zake hazipati joto kubwa kiasi hicho, nayo huendeshwa kwa kasi ileile kwa muda mrefu. Majivu yakijenga tabaka juu ya pistoni na kwenye plagi, hubaki yakiwaka kama kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, na pistoni huweza kutoboka. Oili ya TC-W3 haina madini hayo. Kinyume chake pia ni kweli: ukiitia TC-W3 kwenye pikipiki, joto litaishinda na ringi zitaganda. Kwa hiyo hii ya JASO FD si oili mbovu, hata kidogo. Imeletwa tu mahali pasipo pake.

Jihadharini na lebo inayosema kwamba oili "inafaa kutumika panapohitajika TC-W3" bila kuonyesha nembo wala namba ya usajili. Sentensi hiyo imeandikwa na muuzaji, haikutolewa na maabara. Rangi nayo isiwadanganye: bluu, kijani au nyekundu ni rangi ya kutiwa tu, nayo hutusaidia kutambua petroli iliyokwisha kuchanganywa. Msitumie oili ya injini ya mipigo minne hata kwa dharura fupi, wala msichanganye chupa hii na ile ya oili ya giaboksi, kwa sababu wakati mwingine makopo yao hufanana sana. Iwapo injini yenu ni ya kisasa yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, someni kitabu chake, kwani baadhi ya injini hizo hudai oili maalumu iliyo juu ya kiwango hiki.

Hatua ya pili ni kupima. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, kila lita moja ya petroli hutiwa mililita 20 za oili, na tangi la lita 25 hutiwa nusu lita. Uwiano wa 100 kwa 1 ni mililita 10 kwa lita, na ule wa 25 kwa 1, ambao hutumika kwa injini nyingi za zamani na kwa injini mpya inapozoeshwa kazi, ni mililita 40. Kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho. Oili ikipungua, injini itanoki, yaani pistoni itakwama. Hilo kila fundi analijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba oili ikizidi pia kuna hasara, kwa kuwa pamoja na moshi na masizi kwenye plagi, nafasi ya petroli inayopita kwenye kabureta hupungua, na injini huungua kwa joto zaidi.

Teremsheni tangi kutoka kwenye boti na kuliweka chini ardhini, tieni petroli kidogo, kisha oili yote, tikiseni, halafu malizieni petroli iliyobaki. Andikeni tarehe. Mchanganyiko huu utumike ndani ya mwezi mmoja, maana petroli huchakaa haraka kuliko oili.

Hatua ya tatu ni kuhifadhi, na adui hapa ni maji. Chupa ndogo haina matatizo mengi: ifungwe vizuri, ikae kivulini, mahali pasipo na joto la kupanda na kushuka, na kabla ya kumimina itikiswe. Oili isihamishiwe kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hawezi kutofautisha.

Pipa la lita 200 ndilo linalohitaji akili. Pipa hupumua. Mchana jua hulipasha joto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka kidogokidogo kupitia vizibo. Usiku linapopoa huvuta hewa kurudi ndani, na ikiwa mvua imeacha dimbwi juu ya mfuniko, huvuta maji hayo pia, hata kama vizibo vimekazwa. Kwa sababu hiyo, pipa linalokaa nje lilazwe ubavu juu ya magogo, likingwe lisibingirike, na vizibo vyake viwili vikae kwa usawa, kimoja kushoto na kimoja kulia, kama namba 9 na 3 kwenye uso wa saa ya ukutani. Kwa mlalo huo, maadamu pipa bado limejaa, vizibo vyote viwili huwa chini ya usawa wa oili, na hewa haina njia ya kuingilia. Ikiwa hamna nafasi ya kulilaza, liinamisheni kwa kipande cha ubao upande mmoja, ili maji yakusanyike mbali na vizibo, na mlifunike.

Sasa turudi kwenye chupa yetu ya kioo. Sogezeni macho karibu na kitako chake. Oili iliyo juu imekuwa na ukungu kama maji ya mchele, na chini kabisa kuna mstari mwembamba usio na rangi; hayo ni maji, ambayo ni mazito kuliko oili na yametulia chini. Wapo wanaoichuja oili ya namna hii kwa kitambaa na kuitumia. Kitambaa huzuia takataka, hakizuii ukungu huu, kwa hiyo oili hii haitaingia kwenye injini yoyote, wala haitamwagwa ardhini au majini. Nitaipeleka kwa wanaokusanya oili chafu. Nimekwisha kulikagua pipa ilikotoka: lilikuwa limesimama wima, na mpira wa kizibo chake kikubwa umepasuka.