Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Mkuu wa Idara, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, karibuni sana.

Najua wengi wenu mmekuja na picha ya balozi kichwani: suti, gari lenye bendera, dhifa za jioni. Nafasi hizo ni chache, na wizara haiwezi kuajiri kila anayehitimu. Kwa hiyo nitazungumzia kile mtakachokipata hapa hata kama hamtafanya kazi ubalozini maisha yenu yote. Ni uwezo wa kuutazama uamuzi wa serikali na kueleza kwa nini umekuwa hivyo, na nani anaubeba mzigo wake.

Tuchukue kura moja. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Sasa tazameni hapa kwetu. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Kijiweni utaambiwa hawa wamenunuliwa na fulani, na mjadala unaishia hapo. Ninyi hamna ruhusa ya kuishia hapo.

Siku chache kabla ya kura ile, balozi wa Kenya, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon, na kwamba Waafrika walikubali kuishi nayo ili wasipigane vita visivyo na mwisho. Hoja hiyo ina mizizi. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliazimia kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Basi mbona Tanzania haikupiga kura pamoja na Kenya?

Hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Itabidi mrudi kwenye siasa ya kutofungamana na upande wowote, si wa Magharibi wala wa Mashariki. Mrudi pia enzi ambazo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam, wapigania uhuru wakipata silaha kutoka Moscow na Beijing, huku Ureno waliyopigana nayo ikiwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Kisha mtazame biashara na mikopo ya leo. Mimi naipa historia uzito mkubwa zaidi. Wapo wenzangu ukumbini humu wanaonipinga, na nawaomba muwasikilize na wao.

Wala msidhani mambo haya yanakaa New York tu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Malori yakakwama mpakani, dereva hana la kufanya, mwenye mzigo anapiga simu kila saa, mkulima anasubiri malipo. Baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haivuki kiwango. Katika mkasa huo mmoja kuna itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika 2010, kuna maabara, kuna afya ya mlaji, na kuna bei ya unga ambayo hakuna mwanasiasa anayeipuuza. Aliyekariri peke yake nadharia ya uhalisia, ile inayosema mataifa husukumwa na nguvu na maslahi yao, atakwama kama lile lori. Aliyegusa sheria na uchumi atalieleza, na huyo ndiye anayetafutwa na kampuni za usafirishaji, mashirika ya wakimbizi na vyumba vya habari.

Sisemi mziache nadharia. Someni zote, ila mjue zilikotoka. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa somo hili kilianzishwa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, na waliokianzisha walikuwa wakitafuta kwa dhati njia ya kuzuia vita nyingine. Mwaka huohuo mataifa makubwa yalikuwa yakiihamisha Tanganyika kutoka kwa Mjerumani kwenda kwa Mwingereza, na sisi hatukuulizwa. Kwa kila nadharia ulizeni: imemwona nani, imemsahau nani?

Na lugha, jamani. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, Msumbiji tunapakana nayo. Anzeni Kifaransa au Kireno mwaka huu, msingoje mwaka wa tatu mkishakuwa na tasnifu mkononi.

Kwa wiki ijayo, someni ibara ya 12 ya Mkataba wa Jumuiya wa 1999, inayotaka wakuu wa nchi waamue kwa maafikiano. Ilipoandikwa, wanachama walikuwa 3. Leo ni 8. Njooni na kurasa mbili mkieleza ni nani anayenufaika na ibara hiyo ikibaki ilivyo.