Ekstensheni ya Dodoma, kengele ya Kibaigwa

Wazee shikamooni. Vijana wenzangu, habari za mchana.

Hapo mlangoni nimeulizwa: mbona unahangaika na simu ya mezani wakati kila mtu ana simu mfukoni? Swali zuri. Mlinzi wa ghala la mahindi kule Kibaigwa ana namba yake mwenyewe. Akibadilishwa zamu, anaondoka nayo. Bosi wa Dodoma anachotaka ni abonyeze ekstensheni 214, yaani namba ya ndani ya ofisi, na kengele ilie ghalani, awepo nani asiwepo nani.

Waya wa shaba kutoka kwenye swichibodi, ule mtambo wa ofisini unaounganisha simu, haufiki huko. Huishia kilomita chache tu, na Kibaigwa iko zaidi ya kilomita 80, barabara ya Morogoro. Ndipo vinapoingia visanduku hivi viwili, waongo wakubwa. Cha Dodoma kina tundu lililoandikwa FXO. Kinachomekwa kwenye swichibodi na kujifanya simu. Cha Kibaigwa kina FXS; hicho kinajifanya swichibodi. Ndicho kinachoipa simu volti 48, mlio wa kuanzia kupiga, na umeme wa kuliza kengele, ambao ni mkali zaidi. Aliyewahi kumenya waya kwa meno simu ikaita ananielewa.

Katikati ni mtandao. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8: kilobiti 64. Inafungwa katika paketi 50 kwa sekunde, kila moja baiti 160 za sauti na 40 za anwani. Jumla kilobiti 80 kila upande, kitu kidogo sana siku hizi. Kinachosumbua ni kuchelewa. Zikizidi milisekunde 150 kwenda tu, watu wanaanza kukanyagana: “Haloo? Endelea. Hapana, sema wewe.”

Lakini sauti siyo iliyonitoa jasho. Ghala moja nililolifungia, umeme ulikatika katikati ya maongezi. Mnakumbuka simu za zamani zilivyoendelea kuongea gizani? Zilikula betri za kule kituo cha simu. Hii yetu inakula umeme wa ghalani, kwa hiyo ikazima. Kisanduku cha Dodoma hakikujua. Kikaendelea kushikilia laini kana kwamba mtu bado anaongea, usiku kucha, na asubuhi kila anayepiga anasikia inatumika. Nikapanda basi hadi Kibaigwa kutafuta hitilafu, kumbe iko mezani kwangu.

Dawa ilikuwa mpangilio mmoja: paketi za sauti zikikoma kwa sekunde 30, kata laini. Nikakifundisha pia kuutambua mlio ambao swichibodi hutoa mpigaji anapokata, maana kila swichibodi ina mlio wake. Halafu betri ghalani, ya kisanduku pamoja na ruta, kile kifaa kinacholeta mtandao. Kuna fundi aliwekea betri kisanduku akasahau ruta. Simwoni hapa leo.

Haya, dada uliyekaa dirishani, hiyo simu ya kijivu mbele yako iko upande wa Kibaigwa. Inua mkonga, utuambie unasikia nini.