Zungusheni kwa Mkono Kwanza

Assalaam alaykum. Sogeeni karibu, na yule wa simu aitie mfukoni. Wengine mmenisikia nikiyasema haya Changamwe na Likoni. Mtayasikia tena, maana juzi tu nimeletewa Hiace ya 3L, ile injini ya dizeli, imetoka kufungwa belti ya taimingi, haijavuka hata geti la gereji, valvu zimepinda.

Sicheki. Mimi mwenyewe niliwahi. Kijana, gereji moja nyuma ya Makupa, Ramadhani, saa kumi na moja jioni, kila mtu akili iko kwenye futari. Belti ya taimingi nimefunga, alama za kulinganisha gia naziona sawa, nikamwambia dereva piga starta. Ka! Kama kijiko kilichoanguka kwenye sinia, kisha kimya. Dereva akanitazama mimi, mimi nikatazama belti. Mshahara nilikatwa miezi miwili, na futari yenyewe haikupita kooni.

Sikuizungusha injini kwa mkono kwanza, basi. Ukishafunga belti na tenshena inayoikaza, ng'oa hita plagi zote, zile za kupasha moto dizeli, tia spana kwenye boliti ya puli ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, zungusha upande ule ule injini inaozungukia, mizunguko miwili kamili. Mbona miwili? Kwa sababu krenki ikizunguka mara mbili kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja. Ukiishia mmoja, alama ya krenki itarudi mahali pake ikudanganye, na ya kamshafti iko upande wa pili kabisa. Plagi zikiwa nje hakuna kompresheni, hewa iliyobanwa, ya kukupinga, kwa hivyo spana ikigoma ghafla, jua pistoni imegusa valvu. Simama hapo hapo. Usitafute bomba la kurefusha spana! Mkono husikia ikigusa. Starta haisikii kitu.

Namuona mmoja pale anasema moyoni, "Mzee, mimi natia rangi nyeupe kwenye belti kuukuu na gia, nahamishia kwenye mpya, kwisha." Na aliyefunga kabla yako akiwa alikosea jino? Utakuwa umenakili kosa lake kwa mwandiko mzuri. Tena hii ni ovaholi, injini imefunguliwa yote, mwanangu! Hedi, kichwa cha injini, iko mezani, krenki iko kwa wachongaji, hiyo rangi yako inaonyesha nini? Fuata alama za kiwandani. Na msiniambie jino moja si kitu. Gia ya kamshafti ikiwa na meno 40, jino moja ni digrii 9, na kwenye krenki ni 18. Petroli huenda ikawaka, halafu mlima wa Mazeras ukaitoa pumzi. Dizeli pistoni yake hufika karibu mno na hedi, haikubembelezi.

3L msisahau gia ya pampu ya dizeli; belti ni hiyo hiyo moja, alama tatu.

Hedi ikichongwa kamshafti hushuka na taimingi ikachelewa kidogo, tutalirudia. Wenye Probox za 1NZ, hiyo ni cheni: baada ya mizunguko miwili alama za gia zitarudi, zile pingili za rangi hazirudi pamoja nazo. Msiingiwe na hofu mkafungua upya. VVT-i, ile ya kubadilisha taimingi ya valvu... aa, Alasiri hiyo inaadhiniwa. Tukirudi, mmoja mmoja hapa kwenye injini, azungushe mwenyewe. Na soketi ya boliti ya krenki nani kaichukua? Asubuhi ilikuwa hapa.